Tawi la mti linazimaje nchi nzima? Tuielewe gridi na jinsi inavyoanguka

Tarehe 28 Aprili 2025, saa 6 na dakika 33 mchana, jua linawaka kweli kweli, Uhispania na Ureno zikazimika. Sio mtaa wala mkoa, yaani karibu nchi mbili nzima kwa mpigo, treni zimesimama katikati ya njia, watu wamekwama kwenye lifti, taa za kuongozea magari hazipo, na baada ya masaa machache hata simu zikaanza kukosa mtandao kwa sababu betri za minara nazo zina mwisho wake. Swali la kwanza lilikuwa lile lile ambalo watu huuliza popote pale giza likiingia: kwani umeme ulikuwa hautoshi?

Ulikuwa unatosha. Uhispania walikuwa wanajitosheleza na mwingine wanawauzia majirani, Ureno wenyewe wakiwemo. Hapo ndo nataka tuanzie, kwa sababu watu tunachanganya vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo, kupungukiwa umeme na kuanguka kwa gridi, na ukivichanganya hutaelewa kwa nini nchi tajiri yenye mitambo ya kila aina inaweza kulala giza siku ambayo haina upungufu wowote.

Gridi ni mashine moja. Hili ndo la kushika kwanza. Ukisikia gridi usiwaze maghala ya umeme yenye mabomba yanayokwenda kwa watu, maana umeme kwenye gridi haukai ghalani, ule unaotumika sekunde hii umezalishwa sekunde hii hii (betri kubwa zimeanza kuingia miaka ya karibuni ila bado ni sehemu ndogo ya kinachohitajika). Majenereta yote makubwa yaliyounganishwa, hata kama yapo umbali wa kilomita elfu mbili, yanazunguka kwa mwendo mmoja kana kwamba yamefungwa kwenye ekseli moja. Sehemu kubwa ya dunia mwendo huo ni hezi 50 (yaani umeme unapiga mizunguko 50 kwa sekunde), Marekani na Kanada ni hezi 60. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko kinachozalishwa, mashine zote zinalemewa na mwendo unashuka, na wakizima vingi kwa ghafla mwendo unapanda. Kwenye chumba cha kuongozea gridi ile namba ya mwendo, yaani frikwensi, wanaiangalia kama nesi anavyoangalia mapigo ya moyo wa mgonjwa. Ulaya ikifika hezi 49 tu, mitambo inaanza kukata maeneo yenyewe bila kuuliza mtu, na ikishuka chini ya 47.5 majenereta yanaruhusiwa kujitoa, kwa sababu tabaini kubwa (lile gurudumu la mapanga linalozungusha jenereta) ikizunguka kwa mwendo usio wake inatetemeka mpaka mapanga yake yanaweza kupasuka.

Sasa fikiria watu kumi wamebeba gogo zito begani, wanatembea kwa hatua moja. Mmoja akiteleza gogo halianguki, uzito wake unahamia kwa wale tisa. Kama walikuwa na nguvu ya akiba wanaendelea na safari, ila kama walikuwa wameshafika mwisho wao, wa pili anaachia, wa tatu hata hamalizi hatua, na kila anayetoka anawaongezea mzigo waliobaki mpaka wa mwisho wanaachia wote kwa pamoja. Gridi inaanguka hivyo hivyo. Ila kuna tofauti moja ambayo mi naona ndo moyo wa habari yote: kwenye gridi wengi hawaanguki kwa kuishiwa nguvu, wanaachia makusudi ili wasivunjike mgongo. Kila laini, kila transfoma, kila jenereta ina mlinzi wake, rilei inayopima umeme unaopita na ikiona hatari inaiambia breka, yaani swichi kubwa ya kukatia umeme, ifungue njia. Huko ndo kutripu. Na ni jambo zuri, bila hivyo vifaa vingeungua na tungekaa gizani miezi. Tatizo ni kwamba kila mlinzi anaangalia usalama wa kitu chake tu, hakuna hata mmoja anayejua habari za nchi nzima, na siku wote wakiamua vizuri kila mmoja kwa upande wake, jumla yake inakuwa giza.

Mfano ambao kila mtu wa fani hii anaujua ni tarehe 14 Agosti 2003 kaskazini mashariki mwa Marekani na Ontario kule Kanada. Watu kama milioni 50 walikosa umeme na chanzo chake kilikuwa miti. Naomba niieleze kwa urefu kidogo maana humo kuna karibu kila kitu.

Waya wa msongo mkubwa ukibeba umeme mwingi unapata joto, ukipata joto unarefuka, ukirefuka unashuka chini katikati ya nguzo na nguzo. Siku hiyo ilikuwa siku ya joto, viyoyozi vinafanya kazi, na mchana mtambo mmoja pembeni ya ziwa Erie, jimbo la Ohio, ulikuwa umeshajitoa kwa hiyo nyaya zilizobaki zinavuta umeme kutoka mbali zaidi. Saa 8 na dakika 14 mchana programu ya kutoa tahadhari kwenye chumba cha kuongozea cha kampuni ya umeme ya FirstEnergy ikaganda, ilikuwa na kosa la ndani ambalo halikuwahi kujulikana. Haikupiga kelele kwamba imekufa. Ikanyamaza tu, na waliokaa mbele ya skrini wakaelewa ukimya ule kama amani. Saa 9 na dakika 5 laini ya kwanza ya kilovolti 345 ikagusa mti ambao ulitakiwa uwe umekatwa, ikatripu. Umeme wake ukahamia kwa jirani. Saa 9 na dakika 32 jirani naye akashuka kwenye mti. Saa 9 na dakika 41 wa tatu, mti tena. Muda wote huo simu zinaingia kutoka kwa wenzao wa maeneo mengine wakiuliza kwenu kuna nini, na wao kwenye skrini hawaoni tatizo lolote. Saa 10 na dakika 5 laini nyingine kubwa ikatoka, na hii haikugusa kitu, rilei yake iliona mzigo umekuwa mkubwa na volti zimeshuka ikadhani kuna shoti mahali, ikafungua. Baada ya hapo hakuna binadamu angeweza kufanya kitu. Kufikia saa 10 na dakika 13 ilikuwa imekwisha, zaidi ya mitambo 500 ya kuzalisha umeme imejitoa.

Tazama huo muda vizuri. Saa nzima ya mambo kwenda polepole, halafu dakika chache za mwisho kila kitu. Ndivyo gridi nyingi zinavyoanguka, na ndo maana ile saa ya polepole ina thamani kuliko kitu chochote, maana humo ndo kuna nafasi ya kuokoa, mtu akiona. Kuna kanuni inaitwa N-1, nayo inasema gridi muda wote iwe imejipanga hivi kwamba kitu chochote kimoja kikitoka, hata kama ni mtambo mkubwa kuliko yote, vilivyobaki vibebe bila shida. Ila kikishatoka kimoja kanuni inaanza upya, inabidi haraka upunguze mzigo au upange njia nyingine ili uwe tayari kwa kingine kutoka. Ohio walikuwa wameshatoka nje ya kanuni bila kujua, na ukiwa hujui huna cha kupanga.

Wiki sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2003, ikawa zamu ya Italia. Saa 9 na dakika 1 usiku laini moja kule Uswisi iliyokuwa inapeleka umeme Italia ikapiga cheche kwenye mti. Wakapigiana simu, wakajaribu kupunguza, haikutosha au haikuwahi, na kama dakika 24 baadaye laini ya pili iliyokuwa imebeba mzigo wa mwenzake nayo ikashuka kwenye mti. Sekunde chache tu Italia ikawa imekatika kutoka Ulaya yote, ikajikuta inahitaji umeme mwingi kuliko inaozalisha ndani, na dakika mbili na nusu baadae nchi nzima isipokuwa kisiwa cha Sardinia ilikuwa giza. Watu milioni 56.

Mti tena. Ukisoma ripoti za matukio haya unakutana na vitu vya kawaida mno, na mimi hilo linaniumiza zaidi kuliko habari zozote za maadui. Juni 2016 Kenya ilizimika kwa sababu tumbili alidondokea transfoma kwenye kituo cha Gitaru, mitambo ya pale ikajitoa, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo na gridi iliyobaki ikashindwa kubeba. Novemba 2006 Ujerumani waliizima laini ya kilovolti 380 makusudi ili meli kubwa ya abiria ipite salama chini yake kwenye mto Ems, hesabu za kuangalia hali baada ya kuizima hazikufanywa sawasawa, laini ya jirani ikalemewa, gridi ya Ulaya ikapasuka vipande vitatu na nyumba kama milioni 15 zikakosa umeme. Na mwaka 1965, ile siku watu milioni 30 walipokosa umeme Marekani na Kanada, kosa lilikuwa rilei moja iliyopangwa kiwango cha chini miaka ya nyuma huko, matumizi yakakua, yakakua, na hakuna aliyerudi kuibadilisha.

Hizi namba zilizosahauliwa ndani ya vifaa ndo hatari ambayo haionekani kwa macho. Jimbo la Australia Kusini, Septemba 2016, kimbunga kikaangusha minara ya umeme, volti zikashuka mara kadhaa kwa kufuatana ndani ya dakika mbili. Mashamba ya mitambo ya umeme wa upepo yalikuwa na mpangilio ndani ya programu zake unaosema volti zikitikisika zaidi ya idadi fulani kwa muda mfupi, punguza au jitoe. Waongoza gridi walikuwa hawajui kwamba mpangilio huo upo. Mashamba tisa yakapunguza umeme karibu kwa pamoja, laini ya kutoka jimbo la jirani ikajikuta imebeba kila kitu, ikatripu, jimbo zima kwisha. Watu wakabishana wiki nyingi kama upepo ni mbaya au mzuri, wakati ile namba ilirekebishwa kwenye programu na mashamba yale yale yakaendelea kuzalisha.

Na hapa nirudi Uhispania, maana ubishi ulikuwa huo huo kuhusu sola. Kilichotokea kule kilikuwa kigeni hata kwa wataalamu. Mara nyingi gridi inaanguka kwa frikwensi kushuka, ila safari hii zilianza volti kupanda. Volti ichukulie kama presha ya maji kwenye bomba, inatakiwa isishuke sana wala isipande sana, na kuna mitambo ambayo kazi yake mojawapo ni kuifyonza ile ya ziada. Siku ile gridi ilikuwa imeyumba yumba muda mfupi kabla ya hapo, hatua zilizochukuliwa kuituliza zikawa zinapandisha volti, na mitambo iliyotegemewa kuifyonza haikufyonza vya kutosha. Vituo vikaanza kujitoa kwa kuogopa volti kubwa, na kila kituo kikijitoa volti zinazidi kupanda, ndo kingine kinatoka. Sekunde tano hivi, gigawati 15 hazipo, karibu asilimia 60 ya matumizi ya nchi wakati ule.

Je sola inahusika? Inahusika, ila sio kwa namna watu walivyokuwa wanapiga kelele. Tabaini ya mvuke au ya maji ni chuma cha mamia ya tani kinachozunguka, gridi ikishtuka chuma kile hakisimami ghafla, kinaendelea kusukuma sekunde kadhaa na hizo sekunde ndo muda wa wengine kuingilia. Sola haina chuma, ina inveta, yaani kifaa cha kielektroniki kinachogeuza umeme wa sola uendane na wa gridi, na inveta inafanya ulichoiandikia tu. Ukiiandikia isaidie kushika volti itasaidia, na kwa haraka kuliko jenereta lolote, ila kanuni za Uhispania wakati ule hazikuwa zinataka mashamba mengi ya sola yafanye kazi hiyo. Kwa hiyo walikuwa na vifaa vyenye uwezo ambavyo vimeambiwa visijishughulishe. Ukiniuliza mimi, huo ni uzembe wa karatasi na unatibika kwa karatasi.

Sasa mgao. Watu wanauchukia na wana haki ya kuuchukia, ila kiufundi mgao ni dawa. Ukikosa umeme wa kutosha na ukakata baadhi ya watu kwa kupanga, waliobaki wanaendelea na gridi inabaki hai. Texas, Februari 2021, baridi kali mno, mitambo imeganda, mabomba ya gesi yameganda, matumizi yamepaa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 frikwensi ikashuka mpaka hezi 59.302. Ikikaa chini ya 59.4 kwa dakika tisa majenereta mengi yangejitoa, na ilishakaa dakika nne na sekunde 23. Waongoza gridi wakakata maeneo, wakakata tena, wakakata tena, ikapanda. Kama ingeanguka yote walikuwa wanazungumzia wiki nyingi za kuirudisha. Lakini mgao wenyewe ukaua, maana ulipaswa uzunguke na haukuzunguka, nyumba zikakaa siku kadhaa kwenye barafu, na baadhi ya waliokatiwa walikuwa ni visima na mitambo ya gesi ile ile inayolisha vituo vya umeme, yaani kila ukikata kuokoa umeme unapunguza gesi ya kuzalisha umeme. Hesabu rasmi ya jimbo ni watu 246 waliokufa kwa dhoruba ile ya baridi kwa ujumla. Sehemu nyingi hazikuwa zimeandikwa kwenye orodha kwamba laini hii inalisha gesi, usiiguse.

Swali lingine ambalo huwa naulizwa, kwa nini inachukua masaa au siku kurudi, si wabonyeze tu swichi? Kwa sababu kituo cha umeme kinahitaji umeme ili kiwake. Kuna pampu za maji, kuna feni za kusukuma hewa, kuna vifaa vya kuongozea, vyote vinataka umeme kabla jenereta halijazunguka. Kwa hiyo lazima uwe na vituo vichache vinavyoweza kuamka vyenyewe gizani, mara nyingi vya maji kwa sababu ukifungua tu lango maji yanasukuma, au vyenye jenereta la dizeli pembeni. Kinaamka hicho, unakipa mzigo kidogo, kinaamsha jirani, mnapata kisiwa kidogo chenye umeme. Pengine kisiwa kingine kinajengwa kwa wakati huo huo. Halafu unaviunganisha, na lazima viwe vinazunguka kwa mwendo mmoja na kwa hatua moja, ukikosea jenereta linapata mshtuko wa ajabu. Mwaka 2007 maabara ya taifa ya Idaho kule Marekani walifanya jaribio, wakatumia kompyuta kufungua na kufunga breka za jenereta la dizeli kwa wakati usio sahihi, likaruka ruka, likatoa moshi, likafa. Halafu kila unaporudishia mtaa umeme, kila friji na kila kiyoyozi kinataka kuwaka kwa pamoja, mzigo wa dakika za mwanzo unakuwa mkubwa kuliko kawaida, ukiharakisha kisiwa chako kinaanguka unaanza upya. Uhispania walisaidiwa na mabwawa yao na laini za kutoka Ufaransa na Moroko, Ureno wakaanza na bwawa moja na kituo kimoja cha gesi, na kesho yake asubuhi karibu kila kitu kilikuwa kimerudi. Hiyo ni kazi nzuri sana na watu walioifanya hawakusifiwa inavyostahili. India, Julai 2012, waliangukiwa tarehe 30, wakairudisha, na tarehe 31 ikaanguka tena kubwa zaidi, eneo lenye watu zaidi ya milioni 600, hakuna giza kubwa kuliko hilo lililowahi kuandikwa.

Kuna hatari ambazo haziko mikononi mwetu, kama jua. Machi 1989 dhoruba ya jua ilitikisa usumaku wa dunia, mikondo ya ajabu ikaingia kwenye laini ndefu za Quebec, na ndani ya kama sekunde 90 gridi ikaanguka, watu milioni 6 wakakaa masaa tisa bila umeme. Kinachotisha kwenye dhoruba kama hizo ni transfoma kubwa. Nyingine zina uzito wa mamia ya tani, zinatengenezwa kwa oda, na ukiunguza moja leo unaweza kusubiri zaidi ya mwaka kupata nyingine. Zikiungua nyingi siku moja hakuna duka la kwenda.

Na maadui wapo, sisemi hawapo. Tarehe 23 Desemba 2015, magharibi mwa Ukraine, mfanyakazi kwenye chumba cha kuongozea aliona mshale wa kompyuta unatembea wenyewe kwenye skrini, unabonyeza breka moja baada ya nyingine, na yeye hawezi kuuzuia. Wavamizi walikuwa ndani ya mitandao ya makampuni matatu ya usambazaji kwa miezi. Wakazima makumi ya vituo vya kupoza umeme, wakazima umeme wa akiba wa baadhi ya vyumba vyenyewe vya kuongozea, wakaziba simu za huduma kwa wateja zisiingie, na wakaharibu programu za vifaa vya mawasiliano ili hata mwenye kompyuta asiweze kuwasha kwa mbali. Wateja kama 225,000 wakawa gizani katikati ya baridi.

Umeme ulirudi kwa masaa yasiyozidi sita. Ulirudi kwa sababu mafundi walipanda magari wakaenda kituo kimoja kimoja, wakafunga breka kwa mikono. Vile vituo vilikuwa bado na vishikizo vya mkono na watu wanaojua kuvitumia, wakati nchi nyingi zenye gridi za kisasa zaidi zimeshavitoa au zimebakiza mafundi wachache tu waliowahi kuvigusa. Kompyuta zao zilichukua zaidi ya miezi miwili bila kukaa sawa kabisa, na muda wote huo gridi iliendeshwa na watu wanapigiana simu, huyu anasoma mita kituoni, yule anaandika.